"Nitafunga baadaye" siyo mpango

Najua wiki hii wengi mnahangaika na projekti za semista, na wengine bado mnasikilizia bumu, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Lakini hili jambo limenikaa kooni tangu nirudi kutoka field. Nisipolisema hapa nitalisema kafteria, na mwishowe watu watanihama meza.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye kundi lolote la projekti, ukimuuliza mwenzako "hii obijekti uliyoifungua hapa inafungwa wapi?", atakujibu kwa sentensi ambayo sasa nimeikariri: "Nitafunga baadaye." Mimi nasema hiyo sentensi siyo mpango. Nakwenda mbali zaidi: programu yoyote inayomtegemea mtu akumbuke kufunga alichofungua ni programu mbovu, hata kama leo inafanya kazi na umepata A. Kazi hiyo tuwape funksheni msaidizi. Tuziandike mara moja, kila kitu kipite humo, halafu sisi tubaki na kazi ya kufikiri.

Kwa wale wa kozi nyingine mnaopita hapa kusalimia, niwaeleze kidogo ili tuende pamoja. Komponenti ni kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, ambacho programu yako inakiomba msaada: Excel ikujazie jedwali, hifadhidata ikutunzie majina, printa ikutolee karatasi. Ile nakala moja unayopewa uitumie ndiyo obijekti. Ukimaliza unatakiwa kusema "nimemaliza, chukua". Ni sawa na kuazima jembe kwa jirani. Kuazima hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale majembe ya kijiji kizima yamelala nyuma ya nyumba yako, wewe mwenyewe huna habari, na msimu wa kulima umefika.

Sasa niwape mfano wa kweli. Field nilipangiwa Bukoba mjini, na siku moja nikatumwa Muleba kuangalia kompyuta ya ofisi moja inayopokea kahawa ya wakulima. Jina la ofisi naliacha, maana ugonjwa wake ni wa ofisi nyingi. Muleba si mbali. Unapanda gari Bukoba, unapita Kemondo, unakatiza migomba mpaka unachoka kuitazama, unafika.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Watu wameleta kahawa ya maganda kwenye magunia, foleni imetoka nje ya mlango. Utaratibu wao ni mzuri tu: mkulima anapima, karani anaandika kilo kwenye programu, programu inaiita Excel kimyakimya, inajaza fomu ya risiti, inachapa. Asubuhi risiti inatoka kabla mkulima hajamaliza kukung'uta gunia. Ikifika saa saba mchana, risiti moja inaweza kukupotezea dakika nzima. Saa tisa mashine inaganda kabisa. Karani anazima, anawasha, anasubiri, na watu wanajikalia kwenye nyasi. Kulikuwa na mzee mmoja, nilimpa shikamoo nikipita na nyaya zangu mkononi, akaitikia kisha akaniuliza bila utani, "Mjukuu wangu, kumbe na mashine nazo huchoka kama sisi?" Nikamwambia, "Hapana mzee, hii haijachoka, imebebeshwa."

Msicheke mkaishia hapo. Mtu yule ametoka ndani huko kwa pikipiki ya kulipia. Risiti isipotoka, ama alale mjini, ama arudi nyumbani bila karatasi inayosema ameleta kilo ngapi. Wakati wa malipo ukifika na hesabu zikapishana, hana cha kuonyesha. Kwetu sisi hiyo ni kasoro ndogo kwenye msimbo. Kwake ni ada ya shule ya mtoto.

Nikafungua Task Manager. Orodha ilikuwa imejaa jina moja kutoka juu hadi chini: EXCEL.EXE, EXCEL.EXE, EXCEL.EXE. Kwenye skrini hakukuwa na dirisha hata moja la Excel. Zote zilikuwa zimejificha, kila moja inakula makumi ya megabaiti, na mashine yenyewe ina memori ya gigabaiti 2. Hapo mzigo uliobebeshwa ukaonekana.

Kwa bahati msimbo ulikuwepo kwenye mashine ile ile, tukaufungua mimi na msimamizi wangu. Na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Nilitegemea kukuta mtu aliyesahau kufunga. Wapi! Mstari wa kufunga ulikuwepo, umeandikwa kwa usafi kabisa mwishoni: funga kitabu, funga Excel. Aliyeandika programu ile hakusahau kitu.

Tatizo ni njia ya kufikia huo mstari. Karani akiandika uzito vibaya, tuseme ameingiza herufi kati ya tarakimu, programu inarusha kosa katikati ya kazi. Kosa likirushwa, programu haishuki mstari kwa mstari mpaka mwisho. Inaruka moja kwa moja kwenda kwenye ujumbe wa "kuna tatizo, jaribu tena", na mstari wa kufunga unabaki pale chini haujaguswa. Karani anasahihisha, risiti inatoka, kila mtu ana furaha, na nyuma imebaki Excel moja yatima. Kwa siku yenye foleni ndefu na karani aliyechoka, piga hesabu mwenyewe.

Kulikuwa na la pili, la kificho zaidi. Katika C#, ukiandika mnyororo wenye nukta mbili, kama excel.Workbooks.Open, ile Workbooks ya katikati nayo ni obijekti. Hukuipa jina, kwa hiyo huna namna ya kuiachia. Excel inaona bado kuna mtu amemshika mkono, basi inaendelea kukaa hata ukiiambia iondoke. Mtu anaweza kuwa mwangalifu kama fundi saa na bado akanaswa hapo, kwa sababu kitu chenyewe hakionekani kwa macho.

Kwa hiyo hoja ya "mimi nakumbuka, nyie ndio wazembe" haina miguu. Yule jamaa alikumbuka. Kukumbuka hakukumsaidia.

Dawa yake ilikuwa fupi. Kulikuwa na sehemu kadhaa kwenye programu zinazofungua Excel, kila moja imekopiwa na kupestiwa kutoka kwa mwenzake pamoja na ugonjwa wake. Tukaziondoa zote tukaweka mlango mmoja. Nikiuandika kwa Kiswahili unakuwa hivi:

tumiaKitabu(jina, kazi):
    excel = fungua("Excel")
    kama excel haipo: toa kosa
    jaribu:
        vitabu = excel.vitabu
        kitabu = vitabu.fungua(jina)
        kazi(kitabu)
    mwishowe:
        funga na achia kitabu, kama kipo
        achia vitabu, kama vipo
        funga na achia excel

Basi. Neno lenye uzito hapo ni "mwishowe", ambalo kwenye lugha nyingi linaitwa finally. Kilichoandikwa chini yake kinafanyika kazi ikifanikiwa, kinafanyika kazi ikiharibika, kinafanyika hata ukirudi katikati. Na tazameni kwamba anayetaka risiti hafungui Excel wala haifungi. Analeta kazi yake tu mlangoni, anasema "nijazieni hii", mlango unashughulika na mengine. Akiandika uzito vibaya mara mia, Excel zitafunguliwa mara mia na kufungwa mara mia.

Mambo haya hatukuyavumbua Muleba. Microsoft walipotoa mfumo wao wa komponenti unaoitwa COM mwaka 1993, waliweka kanuni kwamba kila obijekti ijihesabie walioishika. Ukiishika unaita AddRef, hesabu inapanda moja. Ukiiachia unaita Release, inashuka moja. Ikifika sifuri inajifuta yenyewe. Wahenga wetu walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na AddRef na Release ndilo daftari lenyewe.

Ila kuwa na daftari ni jambo moja, na kuliandika kwa mkono kila dakika ni jambo jingine. Ukisahau Release moja, obijekti haifi. Ukiweka Release moja ya ziada, inakufa wakati mwenzako bado anaitumia, na hiyo ni mbaya zaidi maana programu inaanguka mbali kabisa na mahali kosa lilipo. Ndiyo maana Microsoft hao hao wakatoa vielekezi-janja kama CComPtr, ambavyo hupandisha na kushusha hesabu vyenyewe. Watu wa Mozilla, wanaotengeneza Firefox, walikuwa na mfumo wao wa komponenti ulioitwa XPCOM, na ndani yake wakaandika nsCOMPtr pamoja na funksheni msaidizi kama do_CreateInstance, ambayo inakuundia obijekti na kuikabidhi moja kwa moja kwenye mikono salama. Hao ni watu wanaoandika vivinjari vya dunia nzima. Kama wao hawakujiamini kukumbuka, wewe wa mwaka wa pili umepata wapi hiyo jeuri?

Na kama mnadhani ni mambo ya Wazungu tu, kumbukeni Jambo OpenOffice, OpenOffice ya Kiswahili iliyotoka mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tafsiri ilikuwa ya kwetu, na chini yake kulikuwa na mfumo wa komponenti unaoitwa UNO. Ukiufungua unakuta mifupa ile ile: acquire ya kushika, release ya kuachia. Na anayeandika kwa C++ hatakiwi kuziita kwa mkono, amewekewa kigezo kinachoitwa Reference kifanye kazi hiyo. LibreOffice, ambayo wengi wetu tunaandikia ripoti, ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010 na imerithi mfumo huo. Yaani kila ukifungua ripoti yako ya field, funksheni msaidizi zinakufungia nyuma yako.

Naomba niseme kitu kimoja kwa heshima, maana sisi wa Kagera suala la kuhesabu mlangoni linatugusa pabaya. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Ilikuwa meli ya abiria 430. Daraja la kwanza na la pili lilikuwa na orodha ya majina, daraja la tatu halikuwa nayo. Walikufa zaidi ya watu 800, na idadi kamili inabishaniwa mpaka leo, kwa sababu kuna mlango watu walioingia bila kuandikwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani jirani na uwanja wa Bukoba. Msiba ulikuwa mkubwa, watu 19 walifariki, lakini waokoaji walikuwa na namba ya kuifuata: ndani walikuwemo 43. Ndege haimpokei mtu bila kupita kwenye orodha. Sifananishi roho za watu na memori ya kompyuta, Mungu aziweke pema. Nasema tu kwamba hesabu inayotegemea uangalifu wa mtu ina kikomo, na ile iliyojengwa mlangoni inamfikia kila anayeingia. Somo hili tumelilipia ghali, halafu tunakuja darasani tunaandika programu zenye daraja la tatu.

Hadi hapa nimeongelea kufunga. Kuunda nako kuna balaa lake, na kwetu lina jina. Wahaya wanajua butura. Kwa wasiojua, butura ni mtindo wa kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida imebisha hodi leo na mavuno ni miezi kadhaa mbele. Serikali imeupiga marufuku miaka na miaka. Ubaya wake ni kwamba unafanya biashara juu ya kitu ambacho bado hakipo.

Programu zetu zimejaa butura. Ukiomba obijekti ya COM kwa CoCreateInstance, unarudishiwa namba inayokwambia kama umefanikiwa au umekosa. Wengi hatuitazami hiyo namba. Tunachukua kielekezi na kuanza kukitumia, kumbe Excel haijasakinishwa kabisa kwenye mashine ile, na kielekezi hakielekezi popote. Au obijekti imeundwa lakini ilitakiwa iandaliwe kwanza kwa hatua ya pili, na hatua ya pili hakuna aliyeiita. Kwenye laptopu yako yote yapo, kwa hiyo inakwenda. Ikifika mashine ya Muleba inaanguka, na wewe unasema "mbona kwangu inafanya kazi!"

Funksheni msaidizi nzuri ya kuunda inakupa moja kati ya mawili: obijekti iliyokamilika, au kosa linaloeleweka. Katikati hakuna. C++ wenyewe walilifikia hili taratibu. Kiwango cha mwaka 2011 kilileta vielekezi-janja pamoja na funksheni make_shared ya kuviundia. Ndugu yake make_unique akaingia kwenye kiwango cha 2014. Mtu angeuliza, kuna haja gani, si naandika new mwenyewe halafu nakipa kielekezi-janja? Haja ipo. Ukiwa na new mbili ndani ya mwito mmoja wa funksheni, kwa kanuni za wakati ule mashine iliruhusiwa kufanya new zote mbili kwanza kabla ya kumkabidhi yeyote mwenyewe. Ya pili ikirusha kosa, ya kwanza imepotea hivi hivi. Kanuni za C++ ya 2017 ndizo zilizoziba ule mwanya wa hatua kuchanganyikana. Mwaka 2011 mpaka 2017 si mchezo, na hao ni mabingwa.

Sasa nizijibu hoja ambazo najua mtaniletea, maana nimeshazisikia hosteli.

Ya kwanza: "Sisi tunatumia Java na C#, kuna mzoa taka, haituhusu." Mzoa taka anazoa memori, tena kwa wakati anaotaka yeye. Hana habari na faili ulilolifunga wenzako wasilione, wala muunganisho wa hifadhidata, wala Excel yenye uhai wake nje ya programu yako. Programu ile ya Muleba iliandikwa kwa C#, mzoa taka alikuwepo, na Excel zilijaa vilevile. Kama angetosha, Python wasingeongeza neno with mwaka 2006, na Java 7 isingekuja mwaka 2011 na try inayofunga vitu yenyewe. Java hao hao mwaka 2017, kwenye toleo la 9, waliiweka finalize kwenye orodha ya vitu vya kuachwa, baada ya watu kuitegemea kwa usafi kwa miaka mingi na kuumia. Na kwa wenzangu wa MySQL: kwa kawaida inakubali miunganisho 151 tu kwa wakati mmoja. Fungua bila kufunga, utaiona hiyo namba mbele ya jopo siku ya prezentesheni.

Ya pili: "Funksheni msaidizi inaficha mambo, mwanafunzi hatajifunza." Hii ina ukweli ndani yake, siikatai. Mtu aandike AddRef na Release kwa mkono angalau mara moja maishani ili ajue kinachofichwa. Lakini kujifunza kukanda unga si sababu ya kukataza mashine kiwandani. Andika kwa mkono maabara, elewa, halafu uandike funksheni msaidizi yako mwenyewe. Anayeweza kuiandika amejifunza kuliko anayekariri desa.

Ya tatu: "Ongeza memori, mambo yaishe." Ongeza. Ukitoka gigabaiti 2 kwenda 8, mashine itaganda jioni badala ya mchana. Halafu nani anainunua? Ofisi yenye dirisha moja na feni moja?

Nikiri pia kwamba zipo funksheni msaidizi ambazo afadhali zisingekuwepo. Kuna ile inayomeza kosa: kitu kimeharibika, yenyewe inarudisha utupu na kunyamaza, karani anaamini risiti imetoka. Kuna ile inayokupa obijekti utoke nayo nje ya mlango, ikiisha kukupa haikujui tena. Halafu kuna ugonjwa ambao kuhesabu peke yake hakuuponyi: obijekti A imemshika B, na B amemshika A, hesabu ya kila mmoja haifiki sifuri hata kama dunia nzima imewaacha. Firefox iliteseka na hilo mpaka toleo la 3 la mwaka 2008 lilipowekewa chombo maalumu cha kutafuta mizunguko ya namna hiyo. Kwa hiyo mlango nao unahitaji fundi. Ila ni rahisi kukagua mlango mmoja kuliko kukagua watu arobaini.

Tatizo letu kubwa, kwa maoni yangu, ni jinsi tunavyopimwa. Neno new tunafundishwa wiki ya kwanza. Kufunga kunatajwa kwa kupitiwa tu, mwishoni mwa slaidi, wakati watu wameshafunga mabegi. Projekti inawashwa mara moja mbele ya jopo, inakimbia dakika tano, matokeo yanaonekana, alama zinatolewa. Ndani ya dakika tano hakuna uvujaji unaoonekana! Programu ile ya kahawa ingepata A kwenye chuo chochote nchini, na naapa ingepata pongezi ya muundo mzuri wa risiti. Ilianza kuonyesha tabia yake baada ya saa sita za kazi, mahali ambapo hakuna lekchara wala jopo, kuna karani na foleni.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na nayasema nikijua kuna watakaoninunia. Moja, projekti ipimwe kwa kurudiwa: iendeshwe mara 500 mfululizo, katikati iwekewe data mbovu makusudi, halafu Task Manager ifunguliwe mbele ya wote. Mbili, kila kundi kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza wa kuingilia wenye picha na rangi, liandike milango yake: mlango wa hifadhidata, mlango wa faili, mlango wa printa. Ikionekana new au fungua nje ya milango hiyo, alama zikatwe. Tatu, tunaokwenda field tuwe na adabu ya kukaa na mashine mpaka jioni. Asubuhi kila programu ni nzuri.

Najua kuna mtu atasema yote haya ni kwa ajili ya karatasi ya risiti. Ndiyo, ni kwa ajili ya karatasi ya risiti. Programu nyingi tutakazoandika tukimaliza hapa zitakuwa za karatasi: ya kilo za kahawa, ya dawa, ya ada, ya mkopo. Wanaozisubiri hawatajua C# ni nini wala hawana sababu ya kujua. Wanachotaka ni ya mtu wa mwisho kwenye foleni itoke kama ilivyotoka ya mtu wa kwanza.

Basi naomba kuwasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, nipo hosteli ile ile, chumba kile kile, ila aje na msimbo wake tuufungue pamoja tuone unafungwa wapi. Na wale wa kundi langu, milango tunaanza kuiandika Jumatatu saa mbili asubuhi. Msichelewe.